Lebo ya chakula cha watoto wa mbwa

Lebo ya chakula cha watoto wa mbwa ni maelezo yanayochapishwa kwenye mfuko au kopo ili mnunuzi ajue kilichomo na mbwa wa umri gani anafaa kulishwa. Nchini Marekani, majimbo mengi hufuata kanuni za mfano za AAFCO, chama cha maofisa wanaosimamia vyakula vya mifugo. Chama chenyewe hakipimi wala hakiidhinishi chakula chochote.

Sentensi ya kutafuta kwanza huandikwa kwa herufi ndogo, aghalabu nyuma au ubavuni mwa mfuko: kwamba chakula kinatosheleza ukuaji, au hatua zote za maisha. Kikitajwa kuwa cha mbwa wazima tu, hakimfai mtoto, hata picha ya mbele ikiwa ya kijibwa. Chakula cha ukuaji hutakiwa kiwe na protini isiyopungua 22.5%; cha mbwa wazima, 18%. Viwango hivyo huhesabiwa maji yakishaondolewa.

Hapo kwenye maji ndipo wengi hukosea. Kopo lenye protini 8% na unyevu 78% huonekana hafifu kando ya mfuko wa chakula kikavu wenye protini 26% na unyevu 10%. Ondoa maji: katika gramu 100 za kopo hubaki gramu 22 za chakula, na 8 kati yake ni protini, yaani takriban 36%. Mfuko, kwa hesabu hiyohiyo, una 29% tu.

Viambato hupangwa kwa uzito wa kabla ya kupikwa. Nyama mbichi ya kuku, iliyojaa maji, yaweza kutangulia mahindi ambayo mwishowe ndiyo mengi.

Kalsiamu yahitaji uangalifu kuliko yote, hasa kwa mbwa wa aina kubwa kama Great Dane. Mtoto wa miezi michache hawezi kuizuia ipasavyo isifyonzwe utumboni ikizidi, na mifupa yake huweza kukua vibaya hadi miguu ikapinda. Kwa watakaofikia kilo 32 au zaidi, kiwango ni kati ya 1.2% na 1.8%, na lebo hutamka kama chakula kinawafaa au la. Kikiwafaa, wasiongezewe unga wa mifupa wala vidonge vya kalsiamu bila ushauri wa daktari wa mifugo.