Taa ya Nje Mkoani Katavi: Kutoka Moto wa Mtumbwini hadi Sensa ya Mwanga

Taa ya nje katika ukanda wa Kapalamsenga, Karema na Ikola, mkoani Katavi, ilianza kama chombo cha kazi. Katika Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipoonekana, kwa sababu hufuata mwanga. Wavuvi wa zamani waliwasha moto wa kuni kwenye ncha ya mtumbwi, dagaa walipokusanyika wakawachota kwa lusenga, wavu wa mkono wenye mpini mrefu. Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kuuchochea moto huo usiku kucha. Akisinzia, samaki wanatawanyika. Tangu hapo, kila taa mpya iliyofika Katavi imempunguzia mtu kazi moja ya kuihudumia na kumwachia fundi aina mpya ya ubovu.

Nyumbani palikuwa na koroboi, kopo lenye utambi na mafuta ya taa, ambalo halikufaa nje kwa kuwa upepo kidogo tu huizima. Taa ya chemli ndiyo iliyoupeleka mwanga uani na barazani, kwa sababu chimni yake ya kioo huukinga moto. Ubovu wake ulionekana kwa macho: utambi uliochomeka upande hutoa moshi, chimni yenye masizi hupunguza mwanga, na tangi likiwa jepesi mkononi, mafuta yamekwisha. Kila mwenye nyumba alijua kuitengeneza.

Karabai, taa ya mafuta yenye pampu, ilibadilisha mambo. Kwenye maji ya Tanganyika ilienea katika miaka ya 1950 na kuondoa moto wa kuni. Nchi kavu iliangaza maduka, harusi na mikesha. Kuiwasha kulikuwa na utaratibu wake: kichwa kinapashwa moto kwa spiriti, mafuta yanasukumwa kwa pampu, mvuke unatoka kwenye tundu dogo na kuifanya soksi, kifuko cha kitambaa kinachoshika moto, ing'ae. Soksi ikishaungua mara ya kwanza hubaki jivu linaloshikana, na kuigusa kwa kidole kunatosha kuipasua. Tundu likiziba huzibuliwa kwa pini nyembamba. Pampu isiposhika, kiwambo chake cha ngozi kimekauka na kinahitaji mafuta. Hapo ndipo kutengeneza taa kulipoanza kuwa ujuzi wa watu wachache.

Miaka hiyohiyo Mpanda, katika Katavi ya leo, ilikua kuwa mji. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilifika mwaka 1950 kwa ajili ya mgodi wa risasi wa kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikaendelea kubeba abiria na bidhaa. Umeme haukufuata kwa kasi hiyo. Dar es Salaam iliupata mwaka 1908, chini ya utawala wa Wajerumani, lakini Mpanda ilitegemea kwa miaka mingi jenereta za dizeli za shirika la umeme, TANESCO, nje ya gridi ya taifa. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007, ulisukuma nguzo kuelekea vijijini. Katavi ilipokuwa mkoa mwaka 2012, ikimegwa kutoka Rukwa, bado ilikuwa inawaka kwa dizeli. Laini ya kilovolti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga ndiyo iliyojengwa kuiunganisha na gridi.

Kabla nguzo hazijafika, jua lilikuwa limetangulia. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuzuia kuchanganywa na dizeli. Koroboi na chemli zikawa ghali kuliko tochi na taa ndogo za LED zilizokuwa zikishuka bei madukani. Taa ya nje ikapata umbo linaloonekana sasa: nguzo fupi au mkono wa bomba, paneli ya sola juu, betri ndani, na sensa inayowasha jioni na kuzima alfajiri bila mtu kugusa swichi.

Sensa hiyo ina historia ndefu. Mwaka 1873 Mwingereza Willoughby Smith, akipima nyaya za telegrafu za chini ya bahari, alieleza kwamba seleniamu hupitisha umeme zaidi inapopigwa na mwanga. Mwaka 1907 Gustaf Dalén wa Sweden alibuni vali ya jua kwa minara ya taa za baharini: fimbo nyeusi hunyonya joto la mwanga, hurefuka na kufunga gesi, giza likiingia hunywea na kuifungua. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912. Baadaye sensa za kadmiamu salfaidi, ndogo kama kifungo cha shati, zilichukua kazi hiyo katika taa za umeme. Gizani huzuia umeme kwa nguvu. Mwangani huuachia upite.

Taa nyingi ndogo za sola hazina hata kifungo hicho. Paneli yenyewe ndiyo sensa: volti zake zikishuka, saketi huhesabu kuwa jua limezama na kuwasha taa. Kwa sababu hiyo taa inayowaka mchana mara nyingi inaonyesha kwamba waya wa paneli umekatika au umeshika kutu. Saketi haioni jua, na betri haichajiwi tena.

Ufundi wa taa ya sola una mpangilio uleule wa chemli: mafuta kwanza, kisha kioo, kisha utambi. Kiangazi, vumbi la barabara hufunika paneli. Hufutwa kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla haijapata moto. Masika, wadudu hujaa ndani ya kifuniko na maji huingia kupitia mpira uliokauka. Hatua inayofuata ni kuifunika paneli kwa kitambaa kizito na kusubiri kidogo, kwani baadhi ya saketi huchelewa makusudi. Ikiwaka, sensa ni nzima. Ikiwaka lakini ikazima saa mbili baada ya magharibi, betri imechoka au haishibi. Betri ya lithiamu fosfeti ya volti 3.2 ikipimwa kwa mita na kuonyesha chini ya 2.5, imekwisha au iko karibu kwisha. Kama betri na paneli ni nzima, hubaki swichi, waya ulioachia risasi, na LED zilizoungwa mfululizo, ambapo moja ikiungua mstari wote huzima.

Taa ya gridi ina magonjwa mengine. Ikiwaka na kuzima mfululizo, sensa inaona mwanga wa taa yake yenyewe, pengine ukirudishwa na ukuta mweupe. Huhamishwa au kugeuziwa upande mwingine. Isiyowaka usiku huenda inaangazwa na taa ya jirani. Isiyozima mchana huenda kifuniko cha sensa yake kimefifia, au swichi ya ndani imeganda. Sensa iliyozima taa haijaondoa umeme wa volti 230 kwenye nyaya zake, kwa hiyo huzimwa swichi kuu na kupimwa kwanza kwa tesa.

Sensa iliyokufa haitengenezwi, hubadilishwa. Taa za sola zilizofungwa kwa skurubu humruhusu fundi kubadilisha betri na kulehemu waya upya. Zile zilizogundishwa humlazimu kuzipasua, na mara nyingi huishia kuwa akiba ya vipuri: paneli ya moja, betri ya nyingine, kifuniko cha ya tatu. Betri zilizokufa hutengwa, kwa kuwa lithiamu ikichomwa au kutobolewa inaweza kulipuka kwa moto, na betri za gari zina risasi, madini yaleyale yaliyoleta reli Mpanda.