Dick Van Dyke na Fundi Wake, Stan Laurel

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Dick Van Dyke alikuwa nyota wa televisheni Marekani, ila kwa Stan Laurel alijiona mwanafunzi tu. Laurel, mzaliwa wa Ulverston, Uingereza, mwaka 1890, ndiye yule mwembamba wa jozi ya wachekeshaji wa filamu, Laurel na Hardy.

Van Dyke alifungua kitabu cha simu na kulikuta jina la gwiji huyo humo, kama la jirani yeyote. Akapiga. Akakaribishwa Santa Monica, kwenye nyumba ndogo ya kupanga ambako mzee alikuwa akiwajibu mashabiki wake barua kwa barua.

Ule uso wa kibwege ulificha akili kali. Hardy akienda zake kucheza gofu, Laurel alibaki studio akitunga vichekesho na kukagua uhariri wa filamu. Hata mwendo wake wa kuburura miguu ulikuwa na siri: viatu vilikuwa vimeng'olewa visigino. Kofia nayo ilikuwa na ukingo bapa, tofauti na ya Hardy.

Laurel alipofariki Februari 1965, Van Dyke ndiye aliyetoa hotuba ya kumuaga mazishini.

Miaka miwili kabla, alikuwa amemwigiza mzee huyo katika kipindi chake, baada ya kujifua mpaka akaridhika. Kipindi kilipokwisha kurushwa, alimpigia simu kuulizia maoni. Laurel alimsifu, naam, kisha akaanza kumtajia kasoro ndogondogo, moja baada ya nyingine.