Uma wa baiskeli ya enduro: historia fupi kabla hujafungua pochi

Leo tuweke kando programu na hifadhidata, tuzungumzie chuma na oili. Nina fremu ya baiskeli ya milimani isiyo na uma wa mbele, na bei ya uma mpya inaweza kuipita ya tarakilishi ninayoandikia. Kwa hivyo, kabla ya kutoa pesa, nimefanya kile ninachofanya kazini nikikabidhiwa msimbo wa zamani: nimesoma historia yake kwanza.

Kwa asiyejua, enduro ni mbio za milimani ambapo unapanda kwa nguvu za miguu yako bila saa kuhesabiwa, mradi ufike juu kwa wakati. Saa huhesabiwa ukiteremka. Mwisho wa siku muda wa miteremko yote hujumlishwa, na mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Uma ni ile sehemu inayoshika gurudumu la mbele. Kwenye Black Mamba ya mzee kijijini ni chuma kitupu. Kwenye boda boda ni mirija miwili inayoteleza ndani ya mingine miwili, na humo ndani mna springi na oili. Uma wa enduro ni ndugu wa ule wa boda boda, na undugu huo ni wa damu kabisa.

Katika miaka ya 1980 baiskeli za milimani huko Marekani zilikuwa na uma wa chuma kitupu. Paul Turner, aliyekuwa fundi wa pikipiki za mbio za Honda, alichukua wazo la pikipiki akalifanya jepesi. Mwaka wa 1989 kampuni ya RockShox ilitoa uma wa RS-1, uliotumia hewa na oili na kudidimia milimita 48 hivi tu. Mwaka wa 1990, katika mashindano ya dunia huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za kuteremka na Ned Overend akashinda zile za masafa. Wote wawili walitumia uma wa RockShox. Baada ya hapo ubishi kuhusu uzito ulipungua sana!

Hapo ndipo matoleo yalipoanza kufuatana, na kila toleo lilikuja kurekebisha hitilafu ya lile lililotangulia. Hewa ilihitaji sili nzuri, la sivyo inavuja. Doug Bradbury, fundi mwingine wa Colorado aliyeanzisha Manitou, akatumia vipande vya mpira badala ya hewa. Hakuna cha kuvuja, na hata fundi wa jua kali angeufungua. Lakini mpira hukakamaa kwenye baridi, na ukigandamizwa hurudi kwa pupa kama mpira wa kuchezea. Springi yoyote inahitaji kitu cha kutuliza mrudio wake, yaani dampa, ambamo oili hulazimishwa kupita kwenye matundu madogo.

Marzocchi, Waitaliano waliokuwa wakitengeneza uma za pikipiki kwa miaka mingi, walileta jibu lao mwaka wa 1997: Bomber Z1. Springi za chuma, mwendo wa milimita 100, na oili nyingi iliyoachwa wazi ndani ya miguu ya uma ili itulize mdundo na wakati huo huo ilainishe mirija. Ulikuwa mzito, lakini ulivumilia kupuuzwa. Kwangu mimi hili ndilo somo kubwa kuliko yote.

Mwendo ulipoongezeka, tatizo jipya likazuka. Uma mrefu ni wenzo mrefu: ukigonga jiwe au ukikamata breki ya diski, mirija inapinda, na mirija iliyopinda haitelezi vizuri. Dawa ilikuwa kuinenepesha. Mwaka wa 2005 Fox walitoa uma wenye mirija ya milimita 36. Mwaka wa 2013 mashindano ya Enduro World Series yalianza, kisha mwaka wa 2020 Fox na RockShox wote wakatoa uma wa milimita 38. Milimita mbili zaonekana kama mzaha, lakini piga hesabu: ukiacha unene wa ukuta ulivyo, ugumu wa mrija hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo. Kutoka 36 hadi 38 ni karibu asilimia 18.

Sasa, gharama ya maendeleo. Watu wa programu tunaijua: toleo jipya likitoka, la zamani haliwezi kuoana nalo. Ekseli ya mbele ilikuwa ya milimita 20, ikaja ya 15 mwaka wa 2008, kisha upana wa habu ukabadilika kutoka 100 hadi 110. Shingo ya uma nayo iliacha kuwa nyembamba moja kwa moja, ikawa nene chini na nyembamba juu. Uma mzuri wa mtumba unaweza kukosa kuingia kwenye fremu au kukataa gurudumu lako.

Kwa hivyo maswali yangu ni manne, kwa mpangilio huu. Je, unaingia kwenye shingo na gurudumu nililo nalo? Je, urefu wake ni ule fremu iliyotengenezewa? (Ukiongeza milimita 20, pembe ya mbele hulala kwa karibu digrii moja na baiskeli hupanda kwa uvivu.) Je, mirija inatosha uzito wangu na mawe ninayopita? Na je, sili zake bado zinauzwa? RockShox hupendekeza miguu ya chini ifunguliwe na oili kubadilishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha. Kwetu sili huagizwa kutoka ng'ambo, na vumbi la Ngong halisubiri mzigo ufike.

Fremu yangu ni ya milimita 160 na nina kilo 68. Sihitaji mirija ya 38. Nitachukua uma wa hewa wenye mirija ya 35 au 36, wa mtumba lakini wa toleo ambalo sili zake zingali zinatengenezwa, kisha salio la pesa linunue sili za akiba, oili na pampu. Jamaa dukani amenisihi nichukue mkubwa kabisa, eti ndio wanaotumia mabingwa. Ni kweli, lakini mabingwa wana fundi anayewafungulia uma wao. Mimi fundi ni mimi mwenyewe, Jumapili jioni, na beseni la plastiki.

Kama una uma wa aina hiyo umekaa tu stoo, nijulishe. Mpaka wakati mwingine, kwaherini.