Sanduku la Herufi: Habari za TeX na Vifurushi Vyake

Mapadri wazee waliofanya kazi katika nyumba za chapa za misioni wanakumbuka sanduku la herufi. Lilikuwa sanduku la mbao lenye vyumba vingi vidogo, na kila chumba na herufi yake ya risasi. Mpiga chapa aliweza kuandika lugha yoyote ya dunia, lakini kwa sherti moja: herufi zake ziwemo sandukuni. Herufi isiyokuwemo haikuandikwa, hata kama watu milioni waliitamka kila siku.

Leo tunataka kuwasimulia ndugu zetu wasomaji habari za sanduku la namna mpya, lisilo la mbao wala la risasi. Ni programu ya kompyuta, ile mashini wengi kwetu wanayoiita ordinateri, na jina lake ni TeX. Tutaona nani aliitengeneza, sababu gani aliifunga, na namna gani watu wengine waliiongezea herufi na vifurushi, hata lugha zetu zikapata nafasi. Mwisho tutajiuliza kama lile sherti la zamani limekwisha kufutika au sivyo.

I. Mwalimu aliyechukizwa na kitabu chake

Donald Knuth alizaliwa mwaka 1938 katika mji wa Milwaukee, nchi ya Marekani. Yeye ni Mkristu wa Kilutheri, tena alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1968 alitoa juzuu ya kwanza ya kitabu chake kikubwa, The Art of Computer Programming, kinachoeleza ufundi wa kuipa kompyuta maagizo. Juzuu za kwanza zilipigwa chapa kwa herufi za risasi, nazo zilipendeza macho. Lakini mwaka 1977, alipoletewa kurasa za kusahihisha za juzuu ya pili iliyotengenezwa upya, alihuzunika. Wapiga chapa walikuwa wameacha risasi na kushika njia ya picha. Herufi zilikaa vibaya, na kurasa za hesabu hazikutazamika.

Knuth hakugombana na mtu. Aliwaza ya kama ukurasa ni mahali penye nukta nyingi, nyeusi na nyeupe, na kazi ya kupanga nukta ndiyo kazi ya kompyuta. Basi akaazimu kutengeneza programu yake mwenyewe. Alidhani itamchukua miezi michache. Ikamchukua karibu miaka kumi. TeX ya kwanza ilianza kufanya kazi mwaka 1978. Mwaka 1982 aliitoa upya baada ya kuiandika tena yote, na mwaka 1986 alitoa juzuu tano zinazoieleza kazi nzima.

Jina lenyewe litawafurahisha mafratri wanaosoma Kigiriki. Ni herufi tatu: tau, epsilon, khi, mwanzo wa neno tekhne, yaani ufundi. Na ufundi wake ni huu: kila herufi inahesabiwa kama kisanduku chenye upana na urefu wake. Visanduku vinaunganishwa kuwa neno, maneno kuwa mstari, mistari kuwa ukurasa, na kati ya maneno pana nafasi inayovutika au kubanika. Programu nyingine zilikata mstari mmoja mmoja bila kutazama mbele. TeX inalitazama fungu zima kwanza, kiisha inachagua pahali pa kukata mistari, isiwepo iliyobanwa mno wala iliyo wazi mno.

Pamoja na TeX, Knuth alitengeneza programu ya pili, Metafont, inayochora herufi kwa hesabu, kana kwamba inaongoza ncha ya kalamu. Kwa njia hiyo alizaa ukoo wa herufi uitwao Computer Modern. Kazi ilikuwa ngumu. Herufi S peke yake ilimsumbua hata akaiandikia makala. Kiisha akavitoa vyote bure, asidai mali. Tena aliahidi kumlipa kila atakayemwonyesha kosa ndani ya programu yake.

II. Vyumba 128

Sanduku hili jipya lilikuwa na kasoro moja. Kila fonti, yaani kila aina ya herufi, ilikuwa na vyumba 128 tu. Vilimtosha mtu anayeandika Kiingereza. Lakini Mfaransa alipotaka kuandika é, ilimpasa kuchukua e na kuiwekea alama juu yake, kama anayemvika mtoto kofia. Kwa macho herufi ilikuwa sawa. Lakini TeX haikuweza kulikata vizuri mwisho wa mstari neno lenye alama ya namna hiyo, kwa maana iliona e na kofia, haikuona herufi moja.

Mwaka 1989 watumiaji wa TeX walikutana Stanford, na watu wa Ulaya wakamweleza Knuth shida yao. Alikuwa amekwisha kusema kazi imemalizika, lakini alikubali maneno yao. Toleo la tatu, la mwaka 1990, likaweza kupokea herufi 256. Mwaka ule ule akatangaza neno ambalo wengi walilistaajabia: tangu sasa hataongeza jambo jipya, atasahihisha makosa tu. Hesabu za matoleo zitaikaribia namba π, kila mara tarakimu moja zaidi, na siku ya kufa kwake toleo litaitwa π lenyewe wala hapana mtu atakayeligusa tena. Mwingine akitaka kutengeneza programu nyingine juu ya ile yake, ana ruhusa, mradi asiiite TeX.

Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mtu aliifunga kazi yake kusudi isiharibike, na papo hapo akaacha mlango wazi kwa wengine. Kwa sababu moyo wa TeX hautikisiki, mwandishi anaweza kuutegemea miaka mingi. Kwa sababu mlango u wazi, kila mwenye shida yake ameweza kuleta dawa yake.

III. Vifurushi

Wa kwanza kupita katika mlango huo kwa nguvu alikuwa Leslie Lamport, Mmarekani. Katika miaka ya 1980 alitengeneza LaTeX juu ya TeX, na kitabu chake kikatoka mwaka 1986. Mwandishi wa LaTeX hasemi: andika kwa herufi nene, ruka nafasi kubwa. Anasema tu: hapa pana sura, hapa pana maelezo ya chini. LaTeX inajua yaliyobaki.

Toleo jipya la LaTeX, la mwaka 1994, lilitengeneza njia ya vifurushi. Kifurushi ni programu ndogo inayoongeza kazi moja: kupanga majedwali, kuweka picha, kuandika lugha fulani. Mwandishi anakiita kwa mstari mmoja mwanzoni mwa maandiko yake. Kusudi vifurushi visipotee huku na huku, watu wa Ujerumani, Uingereza na Marekani waliunganisha ghala zao kuwa ghala moja liitwalo CTAN, lililotangazwa mwaka 1993. Mpaka leo kila mtu anachukua humo bure.

Kifurushi kimoja kinaitwa Babel. Mholanzi Johannes Braams alikianza ili kila lugha ipate sheria zake za kukata maneno na majina yake ya sehemu za kitabu. Wasomaji wetu watacheka kidogo, kwani kule Babel lugha zilitengana, na humu zinakaa pamoja katika kitabu kimoja. Lugha yetu ya Kanisa haikusahauliwa: Mwitaliano Claudio Beccari alitengeneza sheria za kukata maneno ya Kilatini, na kifurushi cha kuandika Kilatini namna ya Kanisa.

IV. Herufi za Afrika

Sasa tunafika kwetu. Mwaka 1978, mwaka ule ule TeX ilipoanza kufanya kazi, wataalamu wa lugha walikutana Niamey, nchi ya Niger, kwa mwito wa UNESCO, wakapatana juu ya alfabeti ya kufuatwa na lugha za Afrika. Humo zimo ɛ na ɔ, ŋ, ɓ, ɗ, na nyingine. Lakini kupatana juu ya herufi ni jambo moja. Kuziweka sandukuni ni jambo la pili. Mwaka 1990 watu wa TeX walikutana Cork, Ireland, wakagawa vyumba 256 kwa lugha za Ulaya. Nafasi ikajaa, na herufi nyingi za Afrika zikabaki nje.

Wasomaji wasidhani ya kama hilo ni jambo dogo. Katika Kilingala, moto ni mtu, motó ni kichwa, na mɔ́tɔ ni moto wa kuni. Kitabu kinachoandika maneno yote matatu kwa namna moja kinamwachia msomaji kazi ya kukisia. Sisi wenyewe tuliwahi kushika kitabu cha nyimbo ambamo katekista mmoja alikuwa amesahihisha kila o kwa kalamu yake, ukurasa kwa ukurasa, ili waimbaji wasikosee. Yeye alifanya kwa mkono kazi ambayo sanduku liliikataa.

Aliyeileta dawa alikuwa Mjerumani Jörg Knappen, aliyekuwa akikaa Mainz, mji wa Gutenberg. Mwaka 1993 alitangaza fonti alizoziita fc. Vyumba 128 vya kwanza aliviacha vile vile, na vile 128 vya pili akavijaza herufi za lugha kubwa za Afrika zinazoandikwa kwa herufi za kilatini. Katika orodha yake zimo Kihausa, Kiewe, Kikongo, Kiluba, Kirundi, Kinyarwanda, na Kiswahili kimo. Ni yeye pia aliyemaliza fonti za Ulaya zilizopangwa Cork. Mikono ile ile ikajaza masanduku mawili. Baadaye, mwaka 2004, Jonathan Kew wa shirika la SIL, linalosaidia kazi ya kutafsiri Biblia, alitoa XeTeX, inayopokea herufi za lugha zote bila kuhesabu vyumba 256. Fonti za SIL, kama Gentium, zinazo ɛ na ɔ pamoja na alama za sauti ya juu na ya chini.

V. Neno la mwisho

Mwaka 2006, katika shule kuu ya Télécom Bretagne nchini Ufaransa, ilianza kazi ya Gregorio, programu inayoandika kwa TeX nota za mraba za wimbo wa Gregori. Wamonaki Wabenedikto wa Kergonan walisaidia kwa ujuzi wao. Hapo tunaona jambo lililo wazi katika historia hii yote: fundi peke yake hakutosha. Alihitaji mtu anayeimba wimbo wenyewe.

Ndivyo ilivyo kwa lugha zetu. Kiswahili hakihitaji herufi mpya, lakini kina namna yake ya kukata neno. Programu inayofuata sheria za Kiingereza inaweza kukata nyum-ba, nasi tunasema nyu-mba. Sheria hizo hawezi kuziandika mtu wa Stanford wala wa Mainz. Awezaye ni yule aliyejifunza kusema nyumba mgongoni mwa mama yake.

Zamani tuliweza kusema: herufi haimo sandukuni. Siku hizi imo. Kama bado tunatoa vitabu vya Kilingala vyenye e na o tu, na majarida ya Kiswahili yenye maneno yaliyovunjwa ovyo, tusimlaumu tena mpiga chapa. Mafratri wanaojua kompyuta na makatekista wanaojua lugha wakae meza moja. Yule katekista na kalamu yake amekwisha kufanya zamu yake.