Vitenzi vya mwendo mzito: Mfasiri asikimbilie ‘kutembea polepole’

MFASIRI akikutana na vitenzi vya Kiingereza ‘wade’, ‘trek’ na ‘slog’, aghalabu huvimaliza vyote kwa fungu moja: kutembea polepole, au kutembea kwa shida. Je, hilo linatosha? Historia ya vitenzi hivi inaonyesha kwamba kila kimoja kina picha yake.

Tuanze na ‘wade’. Katika Kiingereza cha Kale kilikuwa ‘wadan’, maana yake kwenda au kusonga mbele tu, pasi na maji wala tope. Kina undugu na kitenzi cha Kilatini ‘vadere’, kwenda, ambacho ndicho shina la ‘invade’, yaani kuvamia. Baadaye maana ya ‘wade’ ilifinyika, ikabaki kwa anayepita katika maji, matope au kitu kingine kinachomzuia.

‘Trek’ nacho ni cha kuazimwa. Katika Kiholanzi, ‘trekken’ ni kuvuta. Miaka ya 1830, Makaburu waliihama Koloni ya Rasi, huko Afrika Kusini, wakikwepa utawala wa Waingereza. Mali yao ilikuwa kwenye magari yaliyovutwa na maksai, na huko kuvuta kukawa ndilo jina la safari yenyewe. Waingereza walilichukua neno, maksai wakawaacha. Siku hizi hata anayepanda mlima na mkoba mgongoni husemwa yuko kwenye ‘trek’.

‘Slog’ je? Katika karne ya 19 kilimaanisha kupiga kwa nguvu, mapigo ya bondia au ya mcheza kriketi. Kisha kikahamia kwenye kazi ya sulubu na mwendo wa kuchosha.

Sasa hebu tutazame Kiswahili. Kukokota ni kuvuta kitu kizito. Ndipo tulipopata mkokoteni. Anayejikokota basi ndiye mzigo, na ndiye mvutaji. Kuchapa ni kupiga, nasi husema mtu amechapa miguu hadi mjini. Mzee anayejikongoja naye hatuna haja ya kumweleza sana, kwani mkongojo wake umo ndani ya kitenzi. Kiswahili hakikuiga Kiingereza hapa. Lugha zote mbili zimeutazama mwili uliochoka, zikaona kuvuta na kupiga.

Kwa hivyo ‘trek’ ya wakimbizi waliochoka yaweza kuwa kujikokota, na ‘slog’ ikawa kuchapa miguu. Kwa ‘wade’ hatuna kitenzi kimoja kinachotosha, lakini sentensi yaweza kuibeba kazi hiyo. Mwandishi wa habari za mafuriko anayesema mama ‘alitembea polepole’ ameyakausha maji yote. Akisema alivuka kwa miguu, maji yakimfika kiunoni, msomaji ataiona hatari yenyewe. Kabla ya kufasiri mwendo, basi, tuulize kwanza: ni nini kinachomzuia mwendaji?