Safari ya Kutazama Nyangumi

Mtoto aliyezaliwa Jericho, mashariki ya jiji la Nairobi, yu mbali na bahari kwa mwendo wa kilomita zipatazo 500. Hata hivyo, habari za mnyama mkubwa wa baharini anazo tangu utotoni, kwani amesimuliwa kanisani jinsi Yona alivyomezwa, au madrasani kisa hicho hicho cha Nabii Yunus. Lakini si wengi wajuao kwamba nyangumi hupita katika bahari ya Kenya kila mwaka, na kwamba watu hupanda mashua kwenda kuwatazama.

Safari hiyo hufanywa Watamu, kusini ya Malindi, baina ya Julai na Septemba. Ni wakati wa kusi, na mawimbi ni makali. Mashua huvuka miamba ya matumbawe ikaingia bahari kuu, na abiria hukaza macho wapate kuona mvuke mweupe ukiruka majini. Nyangumi si samaki. Ni mnyama anyonyeshaye, naye hana budi kupanda juu kuvuta pumzi. Nyangumi hawa wenye nundu hutoka bahari za baridi za kusini ya dunia, wakaja kuzaa katika maji ya vuguvugu.

Zamani watu hawakumwendea nyangumi ili wamtazame. Wakazi wa pwani waliokota ufukweni ambari, kitu chenye thamani kitokacho tumboni mwa nyangumi wa aina nyingine. Al-Masudi wa Baghdad, aliyezuru pwani hii mwaka 916, aliandika habari zake. Kuokota hakukumwangamiza mnyama. Kilichomwangamiza ni chusa. Katika karne ya 19 merikebu za Wamarekani zilifika Bahari ya Hindi kuwinda nyangumi, ili mafuta yao yawashe taa za mbali. Baadhi zilitia nanga Unguja. Mmoja wa mabaharia hao, John Ross Browne, alichapisha mwaka 1846 kitabu kilichoeleza taabu za kazi hiyo pamoja na habari za Unguja.

Karne ya 20 ikaleta meli za mitambo na vyusa vyenye baruti. Nyangumi wenye nundu walipungua hata mwaka 1963 ikapigwa marufuku kuwawinda katika bahari za kusini. Lakini sheria isiyo na uaminifu haina nguvu. Mwaka 1966 meli za Urusi ya Kisovieti ziliua kwa siri zaidi ya nyangumi 200 wa namna hiyo katika Bahari ya Uarabuni, na ulimwengu haukupata habari mpaka miaka ya 1990.

Hapo ndipo tuonapo heshima ya taifa dogo. Mwaka 1979 Shelisheli, iliyokuwa na miaka 3 tu ya uhuru, ilipendekeza mbele ya tume ya mataifa ihusikayo na nyangumi kwamba Bahari ya Hindi iwe hifadhi yao. Pendekezo likakubaliwa. Kenya ilijiunga na tume hiyo mwaka 1981, na mwaka uliofuata ikaamuliwa kwamba uwindaji wa biashara usimamishwe kuanzia 1986. Tangu hapo nyangumi wenye nundu wa kusini wameongezeka sana.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu wa Watamu humpatia nahodha riziki akiwa hai, wala hadai malipo. Ni kweli kwamba nauli ya safari hii ni nzito kwa wazazi wengi wa Jericho, na wanafunzi wengi watayasoma haya kabla ya kuiona bahari yenyewe. Lakini siku watakapofika, wakauona mkia mpana ukizama mbele ya mashua, na wakumbuke kwamba mnyama huyo yupo kwa sababu watu walikubaliana kuweka chusa chini. Makubaliano hayo ni amana, na atakayeilinda kesho ni huyo asomaye leo.