Kuvizia

Anayevizia hamfuati adui. Anamngoja pale ambapo adui mwenyewe ataamua kupita, na ndiyo maana nakithamini kitenzi hiki: kinamlazimu mtu kufikiri kwa akili ya mwingine. Mwenye kiu atashika njia gani? Mwenye mizigo mizito ataukwepa mlima upi?

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, alivizia hata mawazo. Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914 alijiuliza Mwingereza anaogopa kupoteza nini huku, akaona ni reli ya Uganda. Vikosi vyake vidogo vikakatiza nyika kavu hadi Tsavo na Voi, vikatega baruti relini. Hakutaraji kuiteka Kenya. Alitaka majeshi yaletwe huku yasiende Ulaya. Yakaletwa, na hadi Novemba 1918 yalikuwa bado yanamsaka.

Mahesabu hayo yalibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi wa pande zote mbili. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Wao hakuna jenerali aliyejiuliza wanawaza nini. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, limetokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza.